Gliseroli ya pH 7 bado si safi

"Nimeshaitia asidi hadi pH 7, sasa naipeleka kwenye kichocheo." Ukisikia mtengeneza bayodizeli anayegeuza gliseroli, zao lake la pembeni, kuwa etha za kuchanganya na dizeli analalamika kwamba Amberlyst-15 yake (resini ya asidi, ndiyo kichocheo) imekufa mapema, muulize gliseroli aliisafishaje. Jibu karibu kila mara ni hilo.

Ukweli ni kwamba pH 7 inakuambia alkali imekwisha, basi. Sodiamu iliyokuja na alkali hiyo haijaenda popote. Imegeuka chumvi, na nyingi bado imo ndani ya gliseroli. Resini hii hufanya kazi kwa ioni za haidrojeni zilizoshikwa na vikundi vyake vya salfoniki. Sodiamu ikipita hapo inakaa mahali pa haidrojeni, na asidi inahamia kwenye kimiminika. Kama ulisawazisha kwa asidi ya hidrokloriki, ndiyo hiyo inayorudi, na inakula chuma cha mtungi.

Piga hesabu kabla ya kununua resini nyingine. Kwa kilo 1 ya gliseroli unatia gramu 50 za resini kavu. Kila gramu ina takriban milimoli 4.7 za asidi, jumla 235. Gliseroli yenye chumvi ya mezani asilimia 5 imebeba milimoli 855 za sodiamu. Hata asilimia 1 ni milimoli 171, karibu robo tatu ya resini yote!

Kwa hiyo shusha pH hadi karibu 2 ili sabuni ivunjike, asidi za mafuta zielee juu, uzitenge. Rudisha pH 7, vukiza methanoli na maji, chuja chumvi iliyojitenga, kisha keneka gliseroli kwa pampu ya ombwe. Pampu si anasa: kwa presha ya kawaida gliseroli huchemka kwenye 290 °C, na joto hilo linaiharibu. Halafu pima majivu, tafadhali. Choma gramu 10 kwenye kibakuli cha kauri mpaka weusi wote uishe, upime mabaki. Miligramu 10 ni asilimia 0.1, iliyozidi hapo isiguse resini.

Resini iliyoshika sodiamu usiitupe. Ioshe kwa asidi ya hidrokloriki ya moli 1 hadi 2 kwa lita, suuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka yatoke bila uchachu, kausha kwenye 100 °C.

"Alkoholi yoyote inafaa kumenyushwa na gliseroli kupata etha." Hapana. Tert-butanoli humenyuka kwa urahisi kwenye 70 hadi 90 °C. Ethanoli hudai joto kubwa zaidi, na huko hujiunga yenyewe kuwa dayethili etha, ambayo mvuke wake hushika moto upesi mno.

"Mmenyuko ukichelewa, ongeza moto." Tert-butanoli itavunjika kuwa isobutileni na maji, presha ipande. Zaidi ya 120 °C resini yenyewe inaharibika.

"Etha ni etha." Mono-etha (gliseroli yenye kiungo kimoja cha etha) huyeyuka kwenye maji, si vizuri kwenye dizeli, zinazotakiwa ni di na tri, zenye viungo viwili na vitatu. Lakini kwa tert-butanoli kila kiungo cha etha huzaa molekuli ya maji, maji hayo hukalia asidi ya resini na kurudisha mmenyuko nyuma, hivyo tri hutoka kidogo sana. Anayetaka tri atumie isobutileni, akijua kwamba nayo hujiunga kuwa dayaisobutileni. Zao la mwisho lioshe kwa maji: mono na gliseroli iliyobaki hushuka nayo, di na tri hubaki juu.