Pima Udongo Kwanza: Nyumba za Gharama Nafuu Kwenye Viwanja vya Viwanda vya Zamani

Maombi ya kugeuza viwanja vya viwanda vilivyofungwa kuwa makazi yanatufikia, nasi tunayapokea kwa mikono miwili. Keko, Chang'ombe na kandokando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam ni karibu na kazi, umeme umeshafika, na mfanyakazi wa kipato cha chini hahitaji daladala mbili kufika kibaruani. Anayejenga nyumba za gharama nafuu huko anafanya jambo jema. Malalamiko tunayoyasikia ni kwamba sisi wataalamu wa mazingira tunachelewesha miradi kwa kupima matope.

Hayo matope ndiyo atakayoishi nayo mnunuzi. Kiwanda huacha vitu visivyooza: madini ya risasi kutoka kwenye betri, krome ya kusindika ngozi, mafuta ya mashine. Tunaambiwa kila mara kwamba mvua za miaka yote hiyo zimeshaosha. Mvua haiondoi risasi. Sehemu inabaki kwenye udongo wa juu, sehemu husombwa hadi kwa jirani, na kemikali nyingine huzama mpaka kwenye maji ya visima.

Kwenye kiwanja kimoja kilichokuwa karakana ya betri, michoro ya ghorofa nne ilikuwa tayari na wanunuzi walishalipa kianzio. Juu paliota nyasi nzuri. Tulipochimba kina kisichofikia nusu mita tukakuta udongo mweusi uliochanganyika na vipande vya makasha ya betri, vingi kama kokoto kwenye zege. Aliyetuonyesha pa kuchimba ni mzee aliyewahi kuwa mlinzi pale. Yeye ndiye aliyekumbuka asidi ilikuwa inamwagwa wapi. Kwenye mchoro, mahali hapo pameandikwa "uwanja wa watoto".

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya kuwa imetenguliwa kwenye rufaa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Sumu haikufungwa nacho.

Wapo wanaosema zege litafunika kila kitu. Zege hufunika pale lilipomwagwa tu. Familia itapanda mchicha nyuma ya jengo, itafuga kuku, na maji yakikatika wiki nzima itatafuta kisima.

Sasa utaratibu. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinamtaka mwenye mradi unaohusika afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa gharama zake, kabla ya kuanza na kabla hata ya kuufadhili. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, si fundi wala dalali. Kibali cha kubadili matumizi ya ardhi hakiwi badala ya cheti cha mazingira, kinachotolewa tathmini hiyo ikikubaliwa, na cheti hakiwi badala ya kibali cha ujenzi. Ni nyaraka tatu tofauti. Anza na historia ya kiwanja, kisha sampuli za kina tofauti zipelekwe maabara inayotambulika na zilinganishwe na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007. Sampuli moja iliyochotwa getini haitoshi.

Adhabu ya kukiuka masharti ya tathmini hiyo iliyowekwa na kifungu cha 184 cha Sheria hiyo ilipotungwa ni faini ya kuanzia shilingi 500,000 hadi milioni 10, au kifungo cha miaka 2 hadi 7, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, mhusika anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake kwa fedha zake. Tunayaeleza haya mapema ili asiwepo wa kufika huko.

Udongo mchafu si mwisho wa mradi. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2012, London ilisafisha eneo kubwa la viwanda vya zamani kwa mitambo iliyopewa jina la hospitali za udongo. Kijiji cha wanamichezo kikageuzwa nyumba 2,818, karibu nusu yake za gharama nafuu. Hapa kwetu mara nyingi inatosha kuondoa tabaka chafu, kuleta udongo safi, na kuhamisha bustani au kisima kwenye mchoro. Kabla ya msingi hiyo ni kazi ya katapila. Watu wakishahamia, ni kazi ya kuvunja.

Udongo ulioondolewa usipelekwe kujaza mabonde, maana taka hatarishi husafirishwa kwa kibali. Vivyo hivyo karatasi za asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu) za paa la zamani: tumeziona zikiuzwa kwa wananchi waezekee jiko na choo. Msizikate wala kuzivunja. Toeni taarifa ofisi ya mtaa.

Na wewe unayetaka kulipa kianzio, omba nakala ya cheti cha mazingira na majibu ya maabara, uangalie kama namba ya kiwanja iliyoandikwa humo ndiyo hiyo unayouziwa.