Makaa yasiyotoa moshi bado yana sumu
Kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Tabora, husambazwa tena ujumbe unaodai kwamba makaa yakishakolea mtu anaweza kuchemsha maharage chumbani na kufunga madirisha, mradi aweke beseni la maji, na kwamba paka anayelala kando ya jiko ni uthibitisho wa usalama. Si kweli. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoyeyuka kidogo mno katika maji. Mwenye shaka na asome katika kitabu cha kemia habari za kaboni kuungua penye oksijeni haba. Paka hufuata joto tu, naye hudhurika vilevile. Wengi hukosea kwa kuwa moshi huwasha macho, ilhali gesi hii haiwashi. Tafadhali, pikieni nje, jiko lisilale ndani, na ujumbe huo msiusambaze.