Daftari la mama na ngozi ya mtoto

Mama mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, aliniletea mtoto wa miezi saba, mashavu na viwiko vimechubuka kwa kujikuna. Kabla sijamshika mtoto, alifungua daftari: kurasa mbili za kila alichokula akiwa mjamzito. Sangara, dagaa, mayai, karanga, udongo. Sangara amepigiwa mstari na mama mkwe.

"Daktari, ni kipi kilichomharibu?"

Hakuna hata kimoja, nilimwambia.

Mwanawe ana pumu ya ngozi, yaani ukurutu unaowasha (eczema). Ngozi ya namna hii haishiki maji. Inakauka, inapasuka, na chembechembe za vyakula vinavyoliwa nyumbani hupenya kwenye nyufa. Kinga ya mwili ikikutana na karanga kwanza kupitia ngozi iliyovimba, huiona adui. Ikikutana nayo kwanza tumboni, mara nyingi huizoea. Na udhaifu huo wa ngozi hurithiwa kwa baba kama unavyorithiwa kwa mama.

Sisi madaktari nasi tuna deni. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio hatarini wasionje karanga hadi miaka mitatu. Ushauri ukaondolewa 2008. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa London uliofuatilia watoto 640: walioanzishiwa karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio (aleji) wa karanga pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walioepushwa nazo, walipotimiza miaka mitano. Kuna akina mama waliotutii kwa uaminifu, kisha mtoto alipovimba midomo wakaulizwa wao walikosea wapi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo uji wenye karanga zilizosagwa laini, ambao bibi zetu huku Mwanza wameupika siku zote, sina ugomvi nao. Ila mtoto mwenye pumu kali ya ngozi au aliyewahi kudhurika na chakula aonwe kwanza na daktari, na karanga nzima asipewe mtoto mdogo, zinapalia.

Sababu nyingine ya mzio ni pana kuliko jiko la mtu. Mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza aliona watoto wenye kaka na dada wengi hawasumbuliwi sana na mafua ya mzio. Watu wakasikia kwamba "uchafu" hukinga, na mama wa mjini akaambiwa anamfungia mtoto ndani. Kinachozungumzwa ni bakteria wa udongo, mifugo na ndugu, wanaoifundisha kinga kutulia. Hata minyoo ya kichocho huituliza kinga ili iishi. Lakini kichocho huharibu ini, kwa hiyo dawa mtoto anywe. Kwenye sababu hizo ongeza antibiotiki zinazotolewa ovyo, na moshi wa mkaa unaochokoza mapafu.

Nilimwuliza mama kama ukoo una pumu. Akampigia mumewe, yuko soko la samaki la Mwaloni kwenye dagaa. Mume alikuwa nayo mpaka darasa la tano, hakuna aliyemwuliza.

Tukafungua ukurasa mpya wa daftari. Akaandika: mafuta mazito, mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa bado na unyevu.