Ubora wa maisha kwa anayeishi na VVU kijijini: maana ya dhana

Ubora wa maisha ni dhana inayochanganywa mara nyingi na afya njema, na wakati mwingine na kipato kizuri, ilhali ni pana kuliko vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linaueleza kuwa ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni na maadili ya mahali anapoishi, pamoja na malengo, matarajio na mahangaiko yake. Uzito wote umo katika neno "mwenyewe". Maabara hupima wingi wa virusi katika damu, lakini ubora wa maisha haupimwi kwa damu; sharti aulizwe anayeyaishi hayo maisha.

Kwa watu wanaoishi na VVU, shirika hilo lilitunga dodoso maalumu, ambalo toleo lake fupi lina maswali 31 yanayogusa mwili, nafsi, uwezo wa kujitegemea, mahusiano, mazingira na imani. Maswali ni yaleyale mjini na kijijini, ila uzito wa jibu si uleule. Mkulima wa Makete, mkoani Njombe, akiulizwa iwapo ana nguvu za kufanya kazi, linalomjia akilini ni jembe, mteremko wa shamba la viazi na mvua zisizomsubiri mtu apone.

Njombe ndio mkoa unaoongoza kwa maambukizi Tanzania: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba, nchini kote, asilimia 94.3 ya watu wazima wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa, yaani vimepungua sana katika damu. Ni mafanikio ya kujivunia, na ndiyo hasa yanayoifanya dhana hii iwe na kazi, maana aliyefubaza virusi bado ana maisha ya kuishi.

Tuchukue suala la siri. Kijijini muuguzi wa zahanati huenda akawa shemeji yako, na siku ya kliniki ya tiba na matunzo inajulikana na kila apitaye njiani. Kwa hiyo wapo wanaoipita zahanati ya jirani na kupanda bodaboda hadi kituo cha mbali, ambako hakuna anayewajua. Wapo pia wanaovihamishia vidonge kwenye karatasi, kwa kuwa kichupa kikitikisika ndani ya mkoba hulia, na mlio huo wenye masikio wanaujua. Mtu wa namna hiyo vipimo vyake ni vizuri kabisa, lakini akijibu maswali ya mahusiano na mazingira alama zake zitashuka, na atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana kumpa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo halivipunguzii virusi chochote cha ziada, kunaweza kuyainua maisha yake: nauli inapungua, siku za shamba hazipotei, na macho ya watu yanamwona mara chache.

Kuna ugumu mmoja ambao, kwa maoni yangu, hautiliwi maanani vya kutosha. Kwa kuwa kipimo ni mtazamo wa mtu, hutegemea pia anajilinganisha na nini. Bibi aliyezika ndugu zake kabla mpango wa taifa wa dawa za bure haujaanza mwaka 2004 anaweza kusema maisha yake ni mazuri, hata kama paa lake linavuja. Kijana aliyezaliwa na virusi, mwenye mwili imara na asiyekosa dozi, anaweza kusema ni mabaya, kwa sababu hajui atamwambiaje mchumba wake. Bibi anajilinganisha na waliokufa. Kijana na wenzake aliomaliza nao shule.