Haki za wazazi Marekani: nani huamua shule ya umma ifundishe nini?

"Haki za wazazi" husikika sana kwenye kampeni za uchaguzi Marekani, na wengi hudhani maana yake ni kwamba mzazi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachofundishwa shuleni. Kisheria sivyo. Ni haki ya kuamua malezi na elimu ya mtoto wako mwenyewe. Mtaala wa shule ya umma una wenyewe.

Chimbuko lake ni Nebraska. Chuki dhidi ya Wajerumani ilipopamba moto kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 1919 kukataza kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajafaulu darasa la nane. Mwaka 1920 mwalimu Robert Meyer akashtakiwa kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi za Biblia kwa Kijerumani katika shule ya kanisa, akatozwa faini ya dola 25. Alikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1923 akashinda: majaji walisema wazazi wana haki ya kumpa mwalimu kazi hiyo. Mzazi anayehangaika leo kuwatunzia wanawe Kiswahili huko ugenini analindwa na hukumu hiyohiyo. Miaka miwili baadaye Oregon nayo ilizuiwa kuwalazimisha watoto wote kusoma shule za umma.

Lakini kesi hizo zilihusu shule za kanisa na za binafsi. Ndani ya shule ya umma, wenye kuamua ni wengine. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, kwa hiyo ni shughuli ya majimbo. Hata sheria ya 1979 iliyounda Idara ya Elimu ya shirikisho inaikataza idara hiyo kusimamia mitaala. Jimbo huweka viwango, kisha wilaya za shule, takribani 13,000 nchi nzima, hutekeleza chini ya bodi ambazo nyingi huchaguliwa kwa kura. Mwaka 1987 wazazi Wakristo wa Tennessee walipotaka watoto wao wasisomeshwe vitabu vilivyokinzana na imani yao, mahakama ya rufaa iliwakatalia: kusoma wazo, ilisema, si kulazimishwa kuliamini.

Mwaka 2025 mambo yalibadilika kidogo. Bodi ya shule ya kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, ilikuwa imeingiza shule za msingi vitabu vya hadithi vyenye wahusika wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Mwanzoni wazazi waliweza kumtoa mtoto darasani vinaposomwa. Mwaka 2023 ruhusa ikafutwa. Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakaenda mahakamani pamoja. Tarehe 27 Juni 2025, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu iliamuru waarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao wakati kesi ikiendelea.

Mahakama haikuamuru vitabu vyenyewe viondolewe, na hapo ndipo pa kutazama. Ushindi ule uliwapa wazazi haki ya kumtoa wa kwao, haukuwapa haki ya kuwaamulia wa jirani. Tena ulitegemea uhuru wa dini. Mzazi anayepinga somo kwa sababu nyingine hapati kinga hiyo, labda sheria ya jimbo lake impe. Mimi naona mzazi kuarifiwa mapema ni jambo la haki kabisa. Ila nawafikiria pia watoto wanaolelewa na baba wawili au mama wawili, wanaowaona wenzao wakiinuka na kutoka hadithi inayofanana na nyumbani kwao inapofunguliwa. Wao pia wana wazazi, na wazazi hao wana haki zilezile.

Anayetaka kugusa mtaala wa wote itabidi aende kwenye bodi. Vikao vyake viko wazi kwa umma, na kwa kawaida hutenga muda wa wananchi kusema, dakika mbili au tatu kila mmoja. Kuchagua wajumbe, karibu kila mahali, kunahitaji uraia. Kusimama na kusema hakuhitaji, na wazazi wetu wengi walioko huko hawajawahi kuambiwa hivyo.