Ugonjwa umekutoa kwenye upinde: maswali na majibu kuhusu kutafuta shauku nyingine

Maswali haya ni ya mtu aliyekuwa akilenga shabaha kwa upinde kwa kujifurahisha, kisha maradhi ya kudumu yakamfikia begani, vidoleni, machoni au kwenye nguvu za mwili mzima. Aliyeacha mchezo mwingine naye atakuta la kumfaa.

Daktari amesema niache upinde. Ndiyo basi?

Inategemea amekataza nini hasa. Wewe unajua kuwa ndani ya mshale mmoja mna kazi nyingi zinazofuatana: kusimama, kuinua mkono, kuvuta, kushikilia, kulenga, kuachia. Daktari asiyewahi kushika upinde huona jambo moja. Mpelekee hesabu. Upinde unaohitaji nguvu ya kilo 16 kuuvuta, ukivutwa mara 72, idadi ya mishale ya raundi ya mchujo katika mashindano ya nje, bega na mgongo vimevuta zaidi ya tani moja siku hiyo. Kisha muulize: tatizo ni uzito, ni idadi, ni mkono kupanda juu, au ni kule kukaza mwili huku pumzi imezuiwa?

Jibu lake linabadilisha mengi. Aliyekatazwa uzito anaweza kushuka hadi upinde mwepesi sana, au kuhamia upinde wa kapi, ambao ukishavutwa hadi mwisho humwachia mshikaji sehemu ndogo tu ya uzito. (Kilele cha uzito bado unakipita njiani, na bega bovu hulalamika palepale.) Mwenye vidole vibovu hutumia kifaa cha kuachilia kamba. Asiyeweza kusimama hukaa. Neroli Fairhall wa New Zealand alishindana akiwa kwenye kiti cha magurudumu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono, hushika upinde kwa mguu, na alitwaa dhahabu ya Paralimpiki mjini Paris mwaka 2024.

Lakini mifano hiyo isikusukume. Ulemavu uliotulia ni jambo moja, ugonjwa unaoendelea kuula mwili ni jingine. Mtu ambaye mshipa wake mkuu wa damu umetanuka, kwa mfano, akikaza mwili na kuzuia pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla na mshipa unaweza kupasuka. Huyo akiambiwa aache, aache.

Nimeandikiwa dawa ya moyo, na klabuni wanasema imekatazwa.

Huenda ni dawa ya jamii ya beta-bloka, kama atenololi, bisoprololi au propranololi. Hupunguza kasi ya moyo na mtetemo wa mikono, na kwa sababu hiyo WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, linazizuia katika mchezo wa upinde, wakati wa mashindano na nje ya mashindano pia. Anayezihitaji kwa tiba anaweza kuomba kibali maalumu, ingawa kuomba si kupata. Usiziache ghafla ili uwahi mashindano. Kuzikatiza mara moja kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo.

Mbona nahuzunika kama niliyefiwa? Si ulikuwa mchezo tu?

Waliokuambia hivyo hawakujua ulikuwa unapata nini pale. Imeondoka mishale, na pamoja nayo zimeondoka jioni zenye ratiba, watu wa kutaniana nao, sababu ya kulala mapema, na lile jibu ulilolitoa mtu akikuuliza wewe ni nani. Kuhuzunika kwa hasara ya namna hiyo si ugonjwa. Kunataka muda, na masikio ya mtu asiyekimbilia kusema "utapata kingine".

Sonona ni jambo tofauti. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo umeinama au hakuna kinachokufurahisha, na pamoja na hayo usingizi, hamu ya kula, umakini au thamani unayojiona nayo vimebadilika, mwone mhudumu wa afya. Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi: tafuta msaada wa dharura siku hiyohiyo, na usikae peke yako.

Jingine watu husahau kuliuliza. Katika Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu, na katika MS, ugonjwa unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu, sonona inaweza kutokana na mabadiliko ndani ya ubongo wenyewe. Prednisoloni nayo, wanayopewa wengi wenye baridi yabisi, inaweza kuvuruga hisia na usingizi. Kwa hiyo usikubali kila kitu kiwekwe kwenye fungu la "amekosa mchezo wake". Mweleze daktari lini huzuni ilianza na lini dawa ilibadilishwa.

Nianze lini kutafuta kitu kipya?

Ningekuambia usikimbilie, kwa sababu ya kitabibu zaidi ya kihisia. Dawa nyingi za maradhi ya kudumu huchelewa kufanya kazi. Methotrexati, ya baridi yabisi, inaweza kuchukua hadi wiki 12 kabla hujaona faida yake kamili. Ukichagua shughuli wakati vidole vimevimba kabisa, unachagulia mikono ambayo huenda hutakuwa nayo baada ya miezi mitatu. Wakati huo gusagusa vitu, azima, tazama wengine wakifanya, bila kununua vifaa ghali.

Kusubiri huku kusigeuke kulala kitandani. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo wenye magonjwa ya kudumu, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki kadiri hali zao zinavyoruhusu. Ulipokuwa ukitembea kwenda shabahani kuchomoa mishale na kurudi, ulikuwa unapata sehemu ya dakika hizo bila kuzihesabu. Sasa inabidi uzitafute kwa makusudi.

Nitajuaje kinachonifaa?

Hapa ndipo wengi hupotea. Hutafuta mchezo unaofanana na upinde, wakapata kinachofanana kwa sura tu, na baada ya mwezi wamekiacha. Mtu aliyeacha upinde akapewa vishale vya kurusha ubaoni anaweza kuchukia, kwa kuwa alichopenda yeye ni ule ukimya wa kabla ya kuachia, na mahali pa vishale pana kelele.

Jiulize ulikuwa unafuata nini, na uwe mkweli. Chukua jioni moja uliyoipenda kuliko zote ukaikumbuke kwa undani: ni dakika gani hasa iliyokuwa tamu? Kama ni ile ya akili kutulia mpaka dunia yote ikabaki pumzi na nukta moja, kilichokushika ni umakini, na umakini unapatikana kwenye kuandika hati za mapambo, kupiga picha za ndege, tai chi (mazoezi ya Kichina ya polepole), au kupiga ala ya muziki. Kama ni kule kusoma alama na kuona wiki hii umepita wiki iliyopita, wewe ni mtu wa kipimo. Kutulia bila namba kutakuchosha. Kwako sataranji yenye viwango, kujifunza lugha kwa mitihani, au kuogelea huku unahesabu mizunguko vitashika zaidi. Wapo waliopenda kushughulika na vifaa: kurekebisha upinde, kubandika manyoya ya mshale, kusuka kamba. Hao ni mafundi waliojificha ndani ya mchezo, na useremala mdogo, ushonaji au kutengeneza saa unaweza kuwapa raha ileile wakiwa wamekaa. Wengine, wakijichunguza, watakuta walikuwa wanafuata watu. Huyo hata akipewa shughuli nzuri namna gani ya kufanya peke yake chumbani, haitamfaa. Ajiunge na kwaya kwanza, mengine yatafuata.

Na yupo aliyependa kuwa nje, basi. Huyo asisumbuke na falsafa, apewe bustani.

Si lazima kitu kimoja kibebe yote. Upinde ulikuwa umefunga umakini, kipimo, watu na hewa safi katika fungu moja, na hiyo ilikuwa bahati. Safari hii huenda ukahitaji shughuli mbili ndogo, moja ya akili na moja ya watu, na hakuna ubaya.

Mikono inatetemeka au vidole vinauma. Vingi ulivyotaja vinahitaji mikono.

Uliza kwanza ni mtetemo wa aina gani. Ule wa Parkinson, kwa kawaida, huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika na hupungua mkono ukianza kazi, hivyo mwenye nao anaweza kushangaa kuona brashi imetulia. Mtetemo ule mwingine wa kawaida, unaorithiwa katika familia nyingi, hufanya kinyume: huzidi mkono unapofanya kazi, hasa kazi ndogondogo. Kwa huyu rangi za maji za mipigo mikubwa zitafaa kuliko kalamu nyembamba.

Vidole vyenye baridi yabisi hupenda mpini mnene na laini, vipindi vifupi, na saa za baada ya ule ukakamavu wa asubuhi kuisha. Mtaalamu anayefundisha wagonjwa namna ya kufanya shughuli za kila siku ana ujuzi mwingi wa vifaa hivi. Mpelekee shughuli yenyewe, usiishie kumpelekea malalamiko.

Kwa mwenye Parkinson, kuimba kuna faida ya ziada, maana ugonjwa huu hupunguza sauti na kuimba huizoeza. Na kama bado kiu yako ni shabaha, kuna bochia: unakaa, unarusha au kuviringisha mipira laini ifike karibu na mpira mweupe kuliko ya mpinzani. Imo katika Paralimpiki tangu 1984, na asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa kuteremshia mpira.

Uchovu unanimaliza. Nikifanya leo, kesho siamki.

Basi pima kwa kesho. Anza na muda unaojua hautakuumiza hata siku mbaya, uuache ukiwa bado una nguvu, uone mwili unasema nini siku inayofuata. Siku nzuri ndizo hatari: mtu hufidia wiki nzima kwa saa mbili, akalala siku tatu.

Kwa baadhi ya watu hili si la kujizoeza mpaka likaisha. Wenye ugonjwa wa uchovu sugu, na baadhi ya walioachwa na athari za muda mrefu za UVIKO-19, huzidiwa saa au siku moja hadi mbili baada ya kujitahidi. Wao wasilazimishwe kuongeza mazoezi kidogokidogo kwa ratiba isiyosikiliza mwili. Mwenye MS aangalie joto pia, kwani mwili ukipata moto dalili huweza kuzidi kwa muda. Shughuli ya asubuhi na mapema au ya kivulini itamfaa zaidi.

Wanataka nirudi klabuni niwe mwalimu au mwamuzi. Nikubali?

Ukitaka mwenyewe. Wapo wanaopona kwa kufundisha, na wapo ambao kila mshale wa mwanafunzi unawachoma wao. Nenda kwa jioni chache bila kuahidi. Ukirudi nyumbani umechangamka, endelea. Ukirudi na donge kooni kila mara, sema hapana, na usione haya.

Nimepata kitu kipya, lakini sasa silali. Familia inalalamika.

Kama una Parkinson na unatumia pramipeksoli au ropiniroli, mpigie daktari wako wiki hii. Dawa hizi zinaweza kuleta msukumo usiozuilika: kamari, ununuzi, kula, ngono, au shughuli inayorudiwarudiwa usiku kucha. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni tatizo; huona amefufuka. Usiache dawa kwa uamuzi wako, maana kuikatiza ghafla nako kuna madhara. Hupunguzwa taratibu, chini ya uangalizi.

Bila dawa hizo, kipo kipimo kizuri kutoka kwa mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, ambaye pamoja na wenzake mwaka 2003 alitenganisha shauku inayopatana na maisha ya mtu na shauku inayomtawala. Ya kwanza unaweza kuiweka chini mgeni akija. Ya pili hukufanya uchukie mgeni.

Nimejaribu vitatu, vinne. Hakuna kinachonishika.

Ulijaribu kila kimoja kwa muda gani? Kwenye upinde ulikuwa mtu anayejua; huku kwingine ni mwanafunzi anayekosea mbele ya watoto, na hilo peke yake linatosha kukuondolea raha. Kipe kila kitu wiki kadhaa kabla hujakihukumu. Katika tiba ya sonona kuna mbinu inayojengwa juu ya jambo hili: mtu hupangiwa shughuli na huzifanya kabla hamu haijaja, kwa sababu mara nyingi hamu hufuata nyuma ya kitendo.

Kama hata chakula ulichokipenda, muziki na wajukuu havina ladha tena, tatizo halipo kwenye uchaguzi wa shughuli. Rudi kwa daktari ukamweleze hivyo hivyo: "Hakuna kinachonifurahisha." Sentensi hiyo ataielewa, na atajua pa kuanzia.