Kabla hujambadilishia mtoto tahasusi

Kila dirisha la kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita, linapofunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha nne, dawati letu la ushauri huulizwa swali moja: nifanye nini mwanangu apende sayansi? Mara nyingi anayeuliza ameshamhamisha mtoto kutoka CBG (kemia, biolojia na jiografia) kwenda PCB (fizikia, kemia na biolojia), mtoto hana habari.

Tuanze na utaratibu. Mabadiliko hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform wa TAMISEMI, na wa kuyafanya ni mwanafunzi mwenyewe. Ili achaguliwe kidato cha tano anahitaji angalau masomo matatu yenye A, B au C (dini haihesabiwi), na masomo ya tahasusi yasizidi pointi 10: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Mwenye C, C na D ana 10 kamili. Mwenye C, D na D ana 11, na hakuna barua ya mzazi inayoigeuza kuwa 10. Nywila ya mfumo huo isiachwe kwa kijana wa steshenari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtoza anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.

Sasa hilo la kupenda. Wazazi hutaja ajira, mkopo, heshima ya koti jeupe. Sikatai, ila nimeona wengi walioingia kwa sababu hizo wakikwama kwenye BAM tu, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita.

Chukua mfano wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndipo wayaweke kwenye friza yawe aisikrimu. Siku moja nafasi zilikuwa zinakwisha, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaiita hiyo fizikia ya Mpemba, na darasa zima likapata neno la kumtania. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akauliza tena kwa nini cha moto kigande kabla ya cha baridi, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana kuhusu jambo hilo.

Mpemba mwenyewe hakuishia maabara ya fizikia. Alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka. Sijui ni mzazi gani wa leo angekubali.

Watu wanadhani hamasa huletwa na siku ya taaluma na mgeni rasmi. Tunaziandaa, tutaendelea kuziandaa, lakini pale mtoto anapouliza na mtu mzima akamtuma akapime, ndipo kazi ilipo.

Msimu uliopita alikuja baba mmoja na binti yake. Baba anataka ahamie PCM (fizikia, kemia na hisabati), binti anataka abaki CBG. Nikamuuliza binti kwa nini. Akasema shangazi yake analima mwani, na maji yakipata joto mwani unakufa. Anataka kujua ni joto kiasi gani. Baba akamgeukia, akamuuliza tangu lini. "Tangu darasa la sita," akajibu.

Waliondoka bila kubadili kitu.